Bawabu wa Chumba cha Mama Beni

Kikao kilifunguliwa saa nne na robo asubuhi, nyuma ya maboksi ya runinga yaliyoshushwa jana yake kutoka bandarini, na mwenyekiti akaanza kwa kuwaomba wajumbe wasimame dakika moja kumkumbuka marehemu Shaibu. Wajumbe walikuwa kumi na wawili. Tisa walisimama. Wawili walikuwa wanasinzia, na Anifa alisema mguu wake wenye kidonda umeshasimama vya kutosha tangu alfajiri, marehemu atamwelewa.

"Shaibu kafa kifo cha kijinga," alisema Mrisho. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, kwa sababu kabla unga haujamtia mkononi aliwahi kuwa katibu wa chama cha wachukuzi, na lugha ya vikao ilikuwa haijamtoka hata baada ya meno kuanza kumtoka. "Kafia chooni. Na choo chenyewe cha kulipia. Mlinzi anagonga mlango, anamwambia muda wako umezidi, ongeza hela. Mtu keshafika ahera, duniani bado anadaiwa choo."

Walicheka. Mateja wa Kariakoo walicheka kwenye misiba yao kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyekuja kwenye misiba hiyo, na mtu hawezi kulia peke yake kila wiki.

"Ajenda ni moja," aliendelea Mrisho. "Yule nesi aliyepunguzwa kazini, Mama Beni, ametuma salamu. Anifa, toa taarifa."

Anifa alikuwa akifungwa kidonda na Mama Beni kila Jumanne, bure, hivyo ujumbe ulipitia kwake kama barua inavyopitia posta. "Mama anasema tuache kufia vyooni. Ana stoo yake uani, pale Mchafukoge, kaitoa makorokoro yote. Kaweka mabenchi, mkeka na ndoo ya maji. Anasema mje na mzigo wenu, mfanye yenu yeye akiwatazama, mtu akizima amwamshe. Hauzi, hanunui, hahubiri."

"Hahubiri kabisa?" aliuliza mmoja, muosha magari.

"Nimemuuliza mara mbili."

"Huo mtego," alisema mzee mmoja aliyekuwa fundi saa. "Leo anakutazama nesi, kesho anakutazama afande. Watu wakishajua mlipo asubuhi na jioni, mmekwisha."

"Wewe afande anajua ulipo tangu mwaka juzi. Anakuja kukuomba sigara."

"Atatuandika majina?"

"Haandiki. Daftari lenyewe hana."

"Chai ipo?"

"Mwongozo, mwenyekiti," alisema muosha magari. "Mimi unga nauvuta kwa sababu sitaki mtu anione. Sasa niende nikaonwe kwa ratiba?"

Hapo Anifa alisimama, pamoja na mguu wake. "Nyinyi wanaume mnaongelea kuonwa. Mimi nikisinzia pembeni ya barabara naamka sijui nani kapita mfukoni mwangu, na wakati mwingine si mfukoni tu. Pale mlango unafungwa na aliye ndani ni mwanamke. Mimi nitaenda hata kama chai hakuna."

Kisha macho yote yakahamia mwisho wa mstari, kwenye boksi la inchi ishirini na moja, ambako alikaa kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi likawa na makali. Huyo ndiye Benjamini. Ndiye Beni ambaye mama yake aliitwa kwa jina lake.

Aliwahi kuwa karani wa wakala wa forodha, mtu wa mihuri na kalamu mbili mfukoni, na kazi ilipomponyoka alibaki na kalamu. Mwezi wa kwanza mwaka ule, mkono juu ya rozari, alikuwa amemwapia mama yake kwamba ameacha. Tangu siku hiyo alivuta kwa siri mara tatu kwa siku, na kila jioni mama alimwekea kipande cha nyama kikubwa kuliko chake, kwa kumpongeza.

"Napinga hoja," alisema, akisimama vizuri. "Hili ni suala la utu. Mtu mzima ana mambo mawili hatazamwi akiyafanya, na hili ni la tatu."

"Mawili ni yepi?" aliuliza Anifa.

"Usiniharibie hoja."

Wakapiga kura. Waliokubali walikuwa saba na waliokataa watatu. Wale wawili waliosinzia walihesabiwa upande wa wanaokubali, kwa kuwa muda wote walikuwa wakiitikia kwa vichwa. Kisha Mrisho, ambaye hakuwa na roho mbaya, alipitisha azimio la pili bila kuombwa: mjumbe yeyote atakayemwambia Mama Beni kwamba mwanawe bado yumo, atatengwa na maskani mwaka mzima. Wote wakaapa. Benjamini alishukuru kwa kuinamisha kichwa, akaondoka akiwa ameshindwa na kusitiriwa kwa pamoja.

*

"Wewe umeacha," mama yake alimwambia jioni ile, akichambua mchele. "Unawajua, wanakujua. Utanisaidia. Utakaa mlangoni."

"Mlangoni nifanye nini, mama?"

"Uwaambie wavue viatu. Uwaulize kama wamekula. Na asiingie mtu anayeuza." Mama Beni, ambaye jina lake hasa ni Winifrida, alikuwa mwanamke mfupi, mpana, aliyefanya kazi wodini miaka ishirini na tisa, hadi serikali ilipotangaza kwamba watumishi wamezidi, ikampa mkono wa kwaheri na cheti chenye jina lake lililokosewa. Tangu hapo alikuwa na uuguzi mwingi mwilini na hana wa kumuuguza. "Au una kazi nyingine ya kufanya kesho?"

Hakuwa nayo. Kesho yake saa mbili aliketi kwenye kiti cha mbao mlangoni pa stoo, shati lina makali, na akawa bawabu.

Wa kwanza kumwona alikuwa Anselmi, fundi viatu aliyekaa kwenye baraza ya jengo lile na kisanduku chake cha misumari. Anselmi alikuwa Mhehe wa Iringa na Benjamini Mngoni wa Songea, yaani watani kwa damu iliyomwagwa na mababu zao, na hapakupita siku hawajatukanana.

"Mngoni amepata cheo," alisema Anselmi, msumari mdomoni. "Babu yako alikimbia vita, wewe umewekwa ulinde mlango. Dunia imekwisha."

"Babu yangu alikimbia harufu. Mlikuwa mnachoma mbwa."

"Mbwa ana nyama. Panya wako unamla mzima na mkia bado unakutekenya puani."

"Shona viatu, Mhehe."

"Nashona. Nyumba yenye bawabu Mngoni, viatu vitaibwa sana. Nitatajirika."

Wakaanza kuja. Walikuja wakiwa wamechunga pande zote mbili za mtaa, kama watu wanaoingia kwa mganga. Mrisho alifika na mkoba wa karatasi. Fundi saa alisimama dakika kumi ng'ambo ya barabara akijifanya anasoma bango la simu za mkononi. Kila mmoja alipofika mlangoni alimwangalia Benjamini, Benjamini akamwangalia, na mapafu ya wote wawili yakajaa kicheko ambacho hakikuruhusiwa kutoka.

"Vua viatu," alisema Benjamini.

"Ndiyo, bosi."

"Umekula?"

"Hapana, bosi. Na wewe, hali vipi? Naona macho kama yanatoa machozi." Ilikuwa saa nne na arosto, ile kiu ya unga, ilikuwa imeanza kumvuta Benjamini mifupa.

"Mafua. Ingia."

"Pole na mafua," alisema Mrisho, kwa sauti ya kutosha kufika ndani. "Mimi nayajua hayo mafua. Yana dawa moja tu."

Ndani, Mama Beni alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu imetulia, mikono juu ya mapaja. Hakuhubiri. Alimuuliza kila mtu maswali mawili: umekula, na leo unachukua kiasi gani, usinidanganye. Mwenye kudanganya alimjua kwa kope. Aliyekuwa hajala alipewa uji kwanza. Kisha akawa anatazama tu, kama mtu anayetazama maziwa jikoni yasimwagike.

Siku ya kwanza hawakuweza. Watu watano wazima, wenye mioyo iliyoota sugu, walikaa kwenye benchi na kuona haya kama wari. Fundi saa aliomba mama afumbe macho kidogo.

"Nikifumba nimekuja kufanya nini hapa?" alisema Mama Beni.

Siku ya tatu walianza kuzoea. Siku ya sita walikuwa wanagombania benchi la karibu na dirisha. Anifa alilala mkekani saa mbili nzima, kinywa wazi, akakoroma, na alipoamka alijikagua mifuko kwa mazoea, akakuta kila kitu kipo, akaanza kucheka hadi wengine wakaambukizwa bila kujua wanacheka nini. Fundi saa, yule wa mtego, sasa ndiye aliyewagombeza waliochelewa. "Saa mbili na nusu ni saa mbili na nusu," alisema. "Hapa si vichochoroni."

Kwa wiki mbili mtu mmoja tu ndiye aliyeendelea kuvuta peke yake, amejifungia, hana wa kumtazama. Alikuwa bawabu.

*

Mwenye jengo alikuwa Champaben, mjane wa Kihindi, aliyeishi ghorofa ya pili na kushuka mara moja kwa siku kumwagilia mirehani yake. Siku hiyo alishuka, akaona jozi nane za viatu zimepangwa mlangoni pa stoo, akasimama. Kwao viatu vikipangwa hivyo kuna ibada.

"Beni, kuna maombi?"

"Shikamoo, bibi. Ni kama darasa."

"Darasa la nini?"

"La afya."

Kabla hajazuiwa, Champaben alivua kandambili zake, akazipanga mwisho wa mstari, akaingia. Benjamini alishika kichwa. Ndani mama wa watu alikuta nafasi kati ya Mrisho na muosha magari, akakaa, akakunja mikono, akangoja darasa lianze. Mateja walikaa wima kama wanafunzi mbele ya mkaguzi.

"Mama Beni," alisema Champaben, "mimi presha yangu ilipanda juzi. Utanipima kabla au baada?"

Anifa ndiye aliyeshindwa. Kicheko kilimtoka puani. Na baada ya kicheko hapakuwa na namna, ikabidi Anifa aseme ukweli wote, taratibu, huku Mama Beni akishawaza kufukuzwa: vyombo aviweke wapi, ahamie kwa nani.

Champaben alisikiliza hadi mwisho. Alimtazama Mrisho kutoka unyayo hadi utosi.

"Nirav wetu," alisema hatimaye, "mtoto wa kaka yangu. Mlisikia alikufa kwa moyo. Miaka ishirini na mbili, eti moyo." Alirekebisha ncha ya sari begani. "Alikuwa bafuni. Sisi tulikuwa mezani, tunangoja aje kula. Tunasema huyu mtoto anaoga sana."

Aliinuka, akaenda mlangoni, akavaa kandambili. "Sitaki kelele saa za mchana, nalala. Askari wakija, mimi ni mzee, sijui kitu, naona darasa tu. Na huo uji wenu ni mwepesi, nimeuona. Nitaleta maziwa." Kisha akamgeukia Benjamini. "Wewe una mafua siku zote. Mwambie mama yako."

*

Yaliyotokea Alhamisi Benjamini aliyapata kwa kusimuliwa, na kila aliyemsimulia alitia chumvi yake, kwa hiyo yalimfikia yakiwa na ladha.

Alichokumbuka mwenyewe ni kidogo. Saa nne ilifika, mifupa ikaanza kulia. Ndani walikuwa sita. Alimsikia mama yake akimwambia fundi saa, "Hicho ni kingi, baba, punguza," na fundi saa akijibu, "Naam, mama," kwa unyenyekevu wa mtoto. Benjamini aliona wivu. Lilikuwa jambo la ajabu, na hakuwahi kumwambia mtu: aliona wivu kwamba mama yake anawaambia wengine wapunguze. Akainuka kitini, akavuka ua, akaingia choo cha uani na kusukuma komeo. Kete ile ya unga alikuwa ameinunua kwa pusha mgeni, na pusha alikuwa amemwambia mzigo huu ni mpya. Hapakuwa na wa kumwambia ni kingi.

Anifa ndiye aliyegundua. Alifika amechelewa, akavua viatu, akangoja aulizwe kama amekula. Hakuna aliyemuuliza. Kiti kilikuwa kitupu.

"Bawabu yuko wapi?"

Watu sita walitazamana. Wote walijua bawabu anakwenda wapi saa nne, na kila siku walikuwa wakihesabu kimoyomoyo hadi arudi, maana kiapo kiliwazuia kusema lakini hakikuwazuia kuhesabu. Leo walikuwa wamesahau. Anifa alivuka ua kwa mguu mmoja na nusu, akagonga. Akagonga tena. Halafu akapiga ukelele ambao Champaben aliusikia ghorofani, usingizini.

Anselmi alikuja na nyundo na patasi. Alipiga bawaba mbili, mlango ukaanguka, na Benjamini akaanguka nao. Midomo yake ilikuwa rangi ya zambarau, na shati lake jeupe halikuwa na kunyanzi.

"Mlazeni," alisema Mama Beni. Sauti yake haikupanda. "Mrisho, nenda katafute gari. Wengine rudini nyuma." Alipiga magoti kwenye saruji yenye maji, akainua kidevu cha mwanawe, akambana pua, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wake, akapuliza.

Sasa Anselmi aliangalia. Aliona mtu wa zambarau, aliona mama ameinamia uso wake. Kwa fundi viatu wa Iringa hiyo si tiba, hayo ni mabusu ya kuaga. Akajua mtani wake amekufa. Machozi yalimjaa, na kwa kuwa yalimjaa alifanya kile ambacho mtani hufundishwa tangu utoto kukifanya msibani, kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke, na asipokifanya ni yeye atakayelaumiwa na wafu. Alikwenda ndani kwa Mama Beni, akatoa shati la pili la Benjamini kwenye kamba, akalivaa, halikufunga vifungo, akachomeka kalamu mbili mfukoni. Akaburuta kile kiti cha mbao hadi katikati ya ua, akaketi mbele ya majirani waliokuwa wakimiminika, akakunja nne.

"Vua viatu," aliwaambia, kwa sauti ya Benjamini kabisa, ile ya puani, ya kiofisi. "Hapa haingii mtu na viatu. Mimi ni karani. Umekula? Mimi sili. Mimi nina mafua."

Mtu mmoja alicheka na kujiziba mdomo.

"Mimi nimeacha," alisema Anselmi, akinyoosha kola. "Nimeacha mwezi wa kwanza. Nikaacha tena wa pili. Mwezi huu naacha asubuhi, mchana na jioni, baada ya chakula. Wengine wanaacha mara moja, mimi ni Mngoni, naacha kwa bidii." Machozi yalimtiririka hadi kwenye kola, hakuyafuta. "Nyinyi mateja ingieni humo ndani mtazamwe na mama yangu, nyinyi hamna utu. Mimi mwenye utu nakwenda chooni. Mnaona kile choo? Kile choo ni cha heshima."

Muosha magari aliangua kicheko. Fundi saa alikaa chini. Anifa alikuwa akilia na kucheka kwa uso mmoja. Kiapo chote cha maskani kilivunjwa na mtu ambaye hakuwa amekula kiapo, aliyekuwa akisikia yote kutoka barazani pake, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha, kwa sababu mtani msibani hanyamazishwi.

Na Mama Beni, magotini, alisikia neno kwa neno. Alipuliza, akahesabu, akapuliza. Alijaribu kutosikia. Lakini Anselmi aliposema kwa ile sauti ya puani, "Mama, niongezee nyama, nimechoka kwa kuacha," kicheko kilimpasuka mama wa watu katikati ya pumzi, na kwa kuwa mdomo wake ulikuwa juu ya mdomo wa mwanawe, kicheko chote, kizima, kikaingia kifuani mwa Benjamini.

Benjamini alikohoa.

Alikohoa mara ya pili, akavuta pumzi yake mwenyewe, ndefu, yenye mlio kama mlango wa kontena. Mama yake alimgeuza ubavu, akampiga mgongoni, akampiga na kofi moja ambalo halikuwa la kitabibu. Macho yakafunguka. Kitu cha kwanza walichokiona kilikuwa yeye mwenyewe, amekaa kitini na kalamu mbili mfukoni, kanenepa, kawa Mhehe.

"Hilo shati langu," alisema Benjamini.

Anselmi alianguka na kiti. Aliinuka, akamkaribia, akamgusa pua kwa kidole kuhakikisha. Halafu akakasirika sana. "Wangoni hamna adabu. Mtu nimeshalia, nimeshachekesha, nimefungua msiba vizuri, wewe unarudi. Nani atanilipa?"

Hapo ua ulilipuka. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Champaben, aliyeshuka peku, alicheka ameshika ukuta. Mrisho alirudi na teksi, akakuta watu wanacheka kuzunguka mtu aliyelala kwenye maji, akadhani wote wamepagawa. Teksi ilimpeleka Benjamini hospitali, akakaa huko hadi asubuhi ya pili. Wajumbe walipeana zamu pembeni ya kitanda kumzuia asizame usingizini, na zamu ya Anselmi ndiyo iliyofanya kazi kuliko dripu, kwani alikuja na madai ya fidia ya machozi.

*

Walirudi nyumbani Jumamosi, mama na mwana, hawajasema neno la maana. Mtani huwezi kumkasirikia. Kila alilosema ulilipe kwa kucheka, na Benjamini alikuwa amelipa. Lakini deni la mama yake lilikuwa halijaguswa. Alimkuta jikoni anamenya vitunguu.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Nimekaa wodini miaka ishirini na tisa, Beni. Watu walikuja kufa mikononi mwangu wakiniambia hawaumwi."

"Tangu lini?"

"Tangu rozari."

"Na ile nyama?"

"Ulikuwa umekonda." Alikata kitunguu. "Kutoka ukuta wa chumba hadi ukuta wa choo nilipima kwa hatua zangu, kumi na moja. Nikasema nikimwambia njoo ndani atakataa, ana kiburi kama baba yake. Nitamweka mlangoni. Akiwa mlangoni yuko hatua nne kutoka mikononi mwangu. Nikakupa kiti, nikakupa cheo." Mkono ulisimama. "Wewe ukaenda hatua ya kumi na moja."

Benjamini alitaka kusema kitu cha kiume. Kilichomjia ni lile aliloliogopa tangu siku ya kikao.

"Nilidhani ukiniona hutaniita tena mwanao."

"Nitakuita nani?" alisema mama yake. "Jina lako ndilo wanaloniitia mimi. Nikikuacha wewe na mimi nimebaki bila jina."

Jumatatu saa mbili na nusu fundi saa alikuwa anawagombeza waliochelewa. Champaben alikuwa ameshusha sufuria ya maziwa. Kiti cha bawabu alikikalia Anifa, mguu wenye bendeji juu ya kigoda, na alikuwa mkali kuliko aliyemtangulia.

Benjamini aliingia kwa mlango wa barabarani, kama wengine. Hakuwa amepiga pasi. Alitafuta nafasi kwenye benchi, muosha magari akasogea, naye akakaa kama mwanafunzi siku ya kwanza.

Mama Beni alivuta kigoda hadi mbele yake.

"Umekula?"

"Nimekula."

Alimtazama kope. "Leo unachukua kiasi gani, usinidanganye."

Benjamini alisema. Alisema kiasi chenyewe, kile cha kweli, kwa mara ya kwanza tangu aanze. Mama yake alikipima kichwani.

"Ni kingi. Punguza nusu."

"Naam, mama."

Akatoa kijaluba chake. Alikuwa ameketi mbele ya mtu aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na vidole havikutii. Alijaribu mara moja, akajaribu tena, uso ukamvimba kwa aibu, na kila mtu benchini aliona, na kila mtu alijua jinsi ilivyo, kwa kuwa kila mmoja alipitia hapo hapo wiki tatu zilizopita.

Mrisho alikohoa kikohozi cha mwenyekiti. "Wajumbe," alisema, "naomba tugeuke."

Mabenchi yalikwaruza sakafu. Mmoja baada ya mwingine, watu saba walijigeuza, wakaelekeza nyuso zao ukutani kama watoto waliotiwa adabu na mwalimu: mwenyekiti mwenyewe, fundi saa, muosha magari, na Anifa mlangoni akageuka na mguu wake. Hata Anselmi, aliyekuwa akichungulia dirishani, aliangalia viatu vyake. Mabega yao yalianza kutikisika, mtu alikuwa anabana kicheko, na kicheko kikapita kutoka bega hadi bega ukutani kama upepo kwenye nguo zilizoanikwa, hadi Benjamini naye akaanza kucheka, kidogokidogo, na mikono yake ikatulia.

Mama hakugeuka.